Jacques Tati na maneno yaliyogeuka mlio: somo kwa wanafunzi wa lugha

Filamu iitwayo Les Vacances de Monsieur Hulot, iliyotoka mwaka 1953, inaanzia katika kituo cha treni. Ni majira ya likizo. Abiria wamejaa na mizigo yao, wanangoja treni ya kuwapeleka baharini. Kipaza sauti kinatangaza jambo. Sauti ni ya mtu, inapanda na kushuka kama tangazo lolote la reli, na mwendo wake ni wa Kifaransa kabisa. Lakini hakuna hata neno moja linaloweza kushikwa. Abiria wanateremka mbio kwenye njia ipitayo chini ya reli, wanajitokeza upande wa pili, na treni inaingia kwingine. Kipaza sauti kinakoroma tena. Wanateremka tena.

Mwanafunzi wa isimu akiitazama sehemu hiyo fupi atajiuliza: abiria hawa wametii nini? Maneno hayapo. Kilichobaki ni kiimbo, na pamoja nacho mamlaka ya chombo kinachosema kutoka juu. Mara nyingi tunakifundisha kiimbo kana kwamba ni kitu kinachonyunyizwa juu ya sentensi iliyokwisha kukamilika, kama chumvi juu ya chakula. Hapa Tati amepakua chumvi tupu, na watu wamekula.

Makala haya yanafuata kazi ya Jacques Tati, mwigizaji mchekeshaji na mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, kwa upande mmoja tu: namna alivyoyatendea maneno. Wahakiki wa sinema wameandika mengi kuhusu picha zake na nyumba zake za vioo. Sisi tulio katika idara za lugha tuna haki ya kuuliza kuhusu masikio. Na swali hilo si la starehe tu, kwa sababu uamuzi wake wa kuyashusha maneno mpaka yalingane na mlio wa mlango ndio uliompatia jina, na ndio pia uliochangia kumfilisi.

Kabla ya filamu

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1907 huko Le Pecq, karibu na Paris, kwa jina la Jacques Tatischeff. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Urusi, na wa mama yake asili ya Uholanzi. Kazi ya familia ilikuwa kutengeneza fremu za picha, naye akafundishwa kazi hiyo. Haikumkaa. Kilichomkaa ni mchezo wa raga katika klabu ya Racing ya Paris, na hasa yale yaliyofuata baada ya mechi, pale alipowachekesha wenzake kwa kuiga wachezaji bila kusema neno. Kutokana na maigizo hayo alitunga mchezo wa jukwaani alioupa jina Impressions sportives: mlinda lango, mcheza tenisi, mwanandondi, mpanda farasi, wote katika mwili mmoja mrefu uliokaribia mita mbili. Mwandishi Colette alimwona mwaka 1936, akaandika kwa sifa kubwa kwamba mtu huyu aliweza kuwa farasi na mpandaji kwa wakati mmoja.

Tuliweke hilo akilini. Tati hakuwa mwigizaji wa maneno aliyekuja kunyamaza baadaye. Alitoka katika ukimya. Hata mojawapo ya nafasi zake za mwanzo katika filamu za watu wengine, katika Sylvie et le fantôme ya Claude Autant-Lara (1946), ilikuwa ya mzuka asiyesema.

Filamu yake ndefu ya kwanza ni Jour de fête (1949). Aliipiga mwaka 1947 katika kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre, katikati ya Ufaransa, mahali alipokuwa amejificha wakati wa vita. Yeye mwenyewe anaigiza François, mpeleka barua wa kijiji. Siku ya sikukuu François anaona, katika hema la maonyesho, filamu inayosifu posta ya Marekani na mashujaa wake. Wanakijiji wanamtania. Anaamua kupeleka barua kwa kasi ya Kimarekani juu ya baiskeli yake kuukuu, mpaka anajikuta akigonga mihuri juu ya ubao wa nyuma wa lori linalokwenda, na mwishowe anatumbukia mtoni, chubwi.

François anasema, tena anasema sana, ila nusu ya usemi wake imezama ndani ya masharubu. Ni Kifaransa cha shambani kilichomezwa, na anayekijua Kifaransa kwa njia ya imla atakasirika kwanza kwa kutoelewa. Asikasirike. Watazamaji wa Paris nao hawakuelewa kila neno, na hawakukusudiwa kuelewa. Ndani ya filamu yupo bibi kizee mwenye mbuzi, mgongo umepinda, anayetembea akitoa maelezo juu ya kila linalotokea. Yeye ndiye anayesikika vizuri zaidi, kana kwamba Tati alimwajiri msimulizi wa hadithi ili mhusika mkuu apate ruhusa ya kunung'unika.

Filamu hii ilipigwa kwa kamera mbili, moja ya rangi na nyingine ya kawaida. Mbinu ya rangi ilikuwa mpya, iliitwa Thomsoncolor, na kampuni yake ikashindwa kutoa nakala za kuonyeshwa. Kwa hiyo dunia iliiona kwa rangi nyeusi na nyeupe hadi mwaka 1995, binti yake Sophie Tatischeff alipofanikiwa kuitoa ile ya rangi. Tati alikuwa amekufa miaka 13 kabla.

Hulot na tanakali

Mwaka 1953 anazaliwa Bwana Hulot: kofia, koti la mvua, suruali fupi inayoonyesha soksi, kiko mdomoni, na mwili unaoegemea mbele kama mtu anayepingana na upepo. Hulot karibu hasemi. Anapofika kwenye hoteli ya baharini (filamu ilipigwa Saint-Marc-sur-Mer, karibu na Saint-Nazaire) anaulizwa jina, naye anajibu huku kiko kikiwa mdomoni. Hasikiki. Mpokeaji wa wageni ananyoosha mkono, anakitoa kiko, jina linatoka, kiko kinarudishwa. Fonetiki nzima ya viungo vya matamshi imefundishwa katika nukta chache.

Hapa tunafika mahali ambapo Kiswahili kinaweza kutusaidia kumsoma Tati kuliko Kifaransa chenyewe. Kila aliyesoma sarufi yetu amekutana na tanakali za sauti: anguka pu, tumbukia chubwi, vunjika kacha, nyamaza jii, lowa chapachapa. Vitabu vingi huzipa nusu ukurasa, kana kwamba ni mapambo, lakini mtu yeyote aliyewahi kusikiliza hadithi jioni anajua kwamba msimulizi anapofika penyewe, hapo ndipo tanakali inapobeba mzigo. Kwa kawaida haitembei peke yake. Ina kitenzi chake kinachoishika mkono. Ukisema "akaanguka pu", kitenzi kinaeleza tendo na tanakali inakuweka karibu nalo, katika masikio yako.

Tati amekiondoa kitenzi na kuiacha tanakali. Katika hoteli ya Hulot mna mlango wa chumba cha kulia. Kila mhudumu anapopita, mlango huo unatoa mlio mmoja, uleule, mfano wa uzi mnene uliokwanyuliwa. Hakuna anayeuzungumzia mlango. Hakuna tukio linalotokana nao. Lakini baada ya dakika ishirini mtazamaji anaungoja, na unapolia anacheka, kwa sababu sasa mlio huo una maana: ni mwendo wa kila siku wa mahali hapo, ni watu wanaokula saa ileile na kukaa viti vilevile hata wakiwa likizoni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mlango wa mbao haulii hivyo. Tati alipiga picha kwanza, kisha akatengeneza sauti zake baadaye studioni, mojamoja, akichagua. Mlio wake hauigi mlango. Unauchagulia mlango sauti. Ndivyo tanakali ilivyo pia. Maji hayasemi "chubwi". Mfaransa aliyesimama kando ya maji yaleyale anasikia "plouf". Kila lugha imechagua, na uchaguzi huo ukaonekana kuwa wa asili kwa wenyewe tu. Nadhani hii ndiyo sababu watu wanaosema kwamba filamu za Tati ni filamu bubu zilizochelewa wanakosea sana. Ziondolee sauti, nusu ya vichekesho inakufa papo hapo.

Katika Mon Oncle (1958) anakwenda mbali zaidi, maana sasa sauti zinagawa watu kwa matabaka. Dada yake Hulot, Bi Arpel, anaishi na mumewe na mtoto wao Gérard katika nyumba mpya ya kisasa, iliyojengwa kwa ajili ya filamu katika studio za Victorine huko Nice. Humo kila kitu kina mlio: viatu juu ya mawe ya bustani, vidude vya jikoni vinavyovuma, lango la umeme, na samaki wa chuma anayerusha maji hewani anapokuja mgeni wa heshima. Kengele ikilia, Bi Arpel anabonyeza kidude ili samaki ateme maji. Akiona ni kaka yake tu, anamzima. Hakuna neno la dharau lililotamkwa, wala halikuhitajika.

Ndani ya jikoni hiyo Hulot anaangusha jagi. Linadunda kama mpira. Anafurahi, anajaribu glasi. Kacha.

Upande wa pili wa mji ni mtaa wa zamani anakoishi Hulot. Huko maneno yapo tele: mfagiaji anayesimama kuongea na kila mpita njia na hafagii kamwe, wauza mboga, mabishano ya baa. Hatuelewi yote, lakini ni maneno ya moto, yaliyochanganyika na mziki na mbwa. Kwa Arpel maneno yanasikika kwa usafi, na ni matupu: Bi Arpel anawatembeza wageni akirudia maelezo yaleyale ya nyumba. Mpangilio huu una ujanja, nao ningeuita pia udhaifu wa filamu. Maskini wote wana joto, matajiri wote wana baridi. Mtu aliyewahi kuishi katika mtaa usio na maji ya bomba hatakubali haraka kwamba jikoni yenye mitambo ni adui. Lakini kuhusu lugha Tati ameona sawasawa: usemi unaweza kuwa wazi kabisa na usimfikie mtu.

Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes mwaka 1958, na mwaka 1959 ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Tati aliipiga pia kwa Kiingereza wakati uleule, kwa jina My Uncle, akibadilisha mazungumzo na hata vibao vya barabarani. Yaani hakukubali kwamba maandishi ya chini ya picha yangetosha. Tutarudi hapo.

Playtime

Sasa alikuwa na jina na mikopo ilipatikana. Aliamua kujenga mji. Pembezoni mwa Paris, upande wa mashariki, yaliinuka majengo ya chuma na vioo, barabara zenye taa, mtambo wake wa umeme. Watu wakapaita Tativille. Baadhi ya majengo yalikuwa kuta za mbele tu, zilizowekwa juu ya magurudumu ili zihamishwe. Kwa mbali, baadhi ya watu wanaoonekana ni picha zilizokatwa kwenye karatasi ngumu. Upigaji picha ulianza mwaka 1964, ukakatizwa na dhoruba na ukosefu wa fedha, na filamu ikaonyeshwa Desemba 1967. Alitumia mkanda mpana wa milimita 70, na hakuna picha ya karibu ya uso wa mtu. Mtazamaji anatazama uwanja mzima na kuchagua mwenyewe pa kuangalia.

Ndivyo ilivyo kwa masikio pia. Kundi la watalii kutoka Marekani linafika Paris; miongoni mwao yumo msichana aitwaye Barbara. Hulot amekuja mjini humo kumtafuta afisa mmoja, Giffard. Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani vinachanganyika, na maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Mmarekani Art Buchwald. Hakuna lugha iliyo ya juu. Usemi unapita karibu nasi, tunashika kipande, unatoweka, kama anavyosikia mtu aliyesimama sokoni.

Nichague sehemu tatu. Ya kwanza: Hulot anamngoja Giffard katika ukumbi. Giffard anaonekana mwishoni mwa korido ndefu mno, hatua zake zinagonga sakafu, ko, ko, ko. Hulot anainuka. Mzee wa mlangoni, anayeijua korido hiyo, anamwashiria akae. Hatua zinaendelea. Anainuka tena, anakalishwa tena. Sauti inasema mtu amefika. Macho yanasema bado. Ni kosa la kisarufi lililofanywa na jengo.

Ya pili: muuzaji Mjerumani anauza milango isiyotoa sauti inapofungwa kwa kishindo. Anadhani Hulot ndiye aliyepekua meza yake, anamfokea kwa hasira, kisha anaupiga mlango wake kwa nguvu zote. Jii. Bidhaa yake imemnyang'anya neno la mwisho. Wanafunzi wanaosoma nadharia ya matendo ya usemi hawatapata mfano bora wa tendo lililoshindwa: nia ipo, mwenye kutenda yupo, msikilizaji yupo, chombo kimekataa.

Ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Usiku, Hulot anakutana na rafiki wa zamani wa jeshini, ambaye anamkaribisha nyumbani kwake. Nyumba ina ukuta wa kioo unaotazama barabara. Kamera haiingii. Inabaki nje, na sisi tunabaki nje nayo. Tunawaona watu wakisalimiana, wakikaa, wakionyeshana vitu, midomo ikitembea. Tunachosikia ni magari tu. Nyumba ya jirani nayo ni ya kioo, na jinsi televisheni zilivyowekwa kwenye ukuta wa pamoja, familia hizi mbili zinaonekana kama zinatazamana na kushangaana. Dakika zinapita bila neno moja kutufikia, na tumeelewa ukarimu wa mwenyeji, uchovu wa mgeni, na fahari ya mwenye nyumba.

Watazamaji hawakumiminika. Wengi walikuja kumtafuta Hulot, naye Tati alikuwa amemficha makusudi ndani ya umati, tena akaweka watu wengine wanaofanana naye ili wawachanganye. Filamu iliyokuwa na zaidi ya saa mbili na nusu ikakatwa. Tati alikuwa ameweka mali yake binafsi kuwa dhamana. Alitamani ule mji ubaki kuwa mahali pa vijana kujifunza sinema, ukabomolewa. Mwaka 1974 kampuni yake ilivunjwa na haki za filamu zake zikauzwa kwa mnada. Mtu aliyetunga kila mlio mmoja mmoja hakuwa tena na uwezo wa kuamua filamu zake zionyeshwe wapi.

Alitengeneza mbili zaidi. Trafic (1971) inampeleka Hulot kutoka Paris hadi maonyesho ya magari Amsterdam, na ina mizaha mizuri juu ya madereva wanavyofanana na magari yao, ingawa haina pumzi ya Playtime. Parade (1974), iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Sweden, inamrudisha kwenye sarakasi na maigizo yake ya zamani: tenisi, ndondi, farasi. Alifariki Paris mwezi Novemba 1982. Filamu ndefu sita kwa jumla. Mswada wake mmoja ambao hakuwahi kuupiga ulikuja kuwa filamu ya michoro, L'Illusionniste ya Sylvain Chomet, mwaka 2010. Na Playtime iliyosafishwa upya katika milimita 70 ilionyeshwa Cannes mwaka 2002.

Kumfasiri Tati kwa Kiswahili

Tuseme idara yetu ya tafsiri imepewa Playtime iiandikie maneno ya chini kwa Kiswahili. Mazoea yatatuambia: usemi wote uliosikika ufasiriwe. Tukifuata mazoea tutamwua. Neno likishaandikwa chini ya picha, jicho linashuka kulisoma, na linapopanda, mzaha uliokuwa kwenye pembe ya kushoto umekwisha. Zaidi ya hayo, maandishi yanalipa neno lililosikika nusu hadhi ya neno kamili. Tangazo la reli la mwaka 1953 likiandikwa, hata kwa kubuni, linakuwa tangazo, na abiria wanaokimbia wanakuwa watu wa kawaida wanaofuata maelekezo.

Ndiyo maana nafikiri uamuzi wa Tati wa kupiga My Uncle upya kwa Kiingereza ulikuwa uamuzi wa mfasiri, ingawa ulikuwa wa gharama. Alijua kwamba kwake lugha ni sehemu ya sauti ya mahali, si habari inayoweza kuhamishiwa chini ya picha.

Kanuni ninayopendekeza ni hii: tufasiri usemi ambao wahusika wenyewe wameuelewa, tuuache ule ambao nao wamekosa kuushika. Itakuwa na matatizo. Muuzaji Mjerumani anafoka kwa lugha ambayo Hulot huenda haijui. Je, Mwafrika anayeijua Kijerumani acheke peke yake? Nadhani ndiyo, kama vile Mjerumani aliyekaa katika sinema ya Paris mwaka 1967. Na tusiandike tanakali chini ya picha, hata tukitamani kuonyesha utajiri wa lugha yetu. Mlango unajitosheleza.

Kwa watakaotaka zoezi: chukueni dakika kumi za mkahawa wa Royal Garden, sehemu ya pili ya filamu, pale dari linapoanza kuanguka na wageni kuanza kufurahi. Orodhesheni kila usemi unaosikika, kwa lugha yoyote. Kisha mjinyime: sentensi tano tu za Kiswahili kwa dakika zote kumi. Yule mlinda mlango, ambaye kioo cha mlango wake kimevunjika na bado anawafungulia wageni kwa kushika kitasa hewani, msimwandikie kitu.